Maswali ya Wasomaji: Tuanzie Wapi Kuchunguza Kitalu cha Majengo?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini Mbeya. Mwalimu wetu wa jiografia ya miji ametugawa katika makundi na kuagiza kila kundi lichague kitalu kimoja cha majengo kisicho mbali na chuo, yaani eneo lililozungukwa na barabara pande zote nne, kisha likichunguze na kuandika ripoti juu ya majengo na mpangilio wake. Kundi letu limechagua kitalu kilichoko upande wa Uhindini. Tulikwenda tukarudi na orodha hii: maduka ya vifaa vya ujenzi, duka la dawa, mgahawa, ghorofa jipya lenye vioo, nyumba mbili za zamani za chini zenye baraza, na kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati. Mwalimu aliisoma akasema kuwa hayo hata mpita njia anayajua. Je, tutazame nini, na tuanzie wapi?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Orodha yenu haina kosa, ila inamfaa mtu anayetafuta duka, nanyi mmetumwa kueleza kwa nini duka hilo liko pale na kwa nini jengo lake lina umbo lile. Ushauri wangu wa kwanza huenda ukawashangaza: siku mtakayorudi, yaacheni majengo kwanza, mtazame viwanja. Jengo la mjini hubomolewa, huongezwa ghorofa, hupakwa rangi ya tangazo la kampuni ya simu kisha hupakwa nyingine juu yake, lakini mpaka wa kiwanja ukishapimwa na kuwekewa bikoni, yaani alama za mpaka, hukaa palepale kwa vizazi, kwa sababu kuuhamisha kunahitaji jirani, mpima ardhi na ofisi ya ardhi wakubaliane, na kukubaliana huko si jambo la siku moja. Ndiyo maana kitalu ambacho majengo yake yote ni mapya huweza kuwa bado na mpangilio uleule aliouchora mpimaji wa enzi ya Waingereza.

Mipaka hiyo haikuandikwa ukutani, lakini anayeitafuta huiona. Tazameni mahali paa moja linapoishia na jingine kuanza kwa kimo tofauti, mahali sakafu ya baraza inapopanda au kushuka ghafla, mahali rangi ya ukuta inapobadilika kwa mstari ulionyooka tangu chini hadi juu, na mahali nyumba mbili zinapotumia ukuta mmoja bila hata upenyo wa kupitisha mkono. Kisha pimeni upana wa kila kiwanja kwa hatua. Chukueni futi ya fundi, pimeni mita 20 kwenye uwanja wa chuo, kila mmoja azitembee kwa mwendo wake wa kawaida na kuhesabu hatua zake. Baada ya hapo mnaweza kuzunguka kitalu kizima bila kumsumbua mtu na mkarudi na mchoro unaokaribia ukweli. Mkikuta kwamba viwanja vingi vina upana unaolingana, na ghorofa lenye vioo lina upana wa viwanja viwili kamili, basi mmepata jambo la kuandika: mtu fulani alinunua kiwanja cha jirani na kuviunganisha. Sasa muulize lini, na kwa nini katika kona hiyo na si nyingine.

Kimo cha majengo nacho hupimika bila ngazi. Tofali la saruji la kawaida likisimamishwa lina kimo cha inchi 9, na ukijumlisha saruji ya kuunganishia, kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali ukutani, hukaribia sentimita 25, hivyo kozi 12 ni kama mita 3. Tahadhari ni moja: fundi akililaza tofali la inchi 6 badala ya kulisimamisha, kozi hupungua hadi kama sentimita 17 au 18, kwa hiyo angalieni kwanza limewekwaje. Ukuta uliopigwa plasta hauhesabiki, lakini upande wa nyuma wa nyumba mara nyingi haukupigwa plasta, na huko nitawapeleka baadaye.

Mkishachora viwanja, ndipo mrudi kwenye majengo, na hapo historia ya mji itawasaidia. Mbeya ni mji mchanga kwa kulinganisha na Iringa au Tukuyu. Ulianza mwaka 1927, wakati wa mbio za dhahabu ya Lupa huko Chunya, na ulipangwa na serikali ya kikoloni iliyotenganisha watu kwa asili zao: Wazungu katika viwanja vikubwa vyenye bustani, wafanyabiashara wa Kiasia katika viwanja vyembamba vinavyogusa barabara ya maduka, na Waafrika katika viwanja vidogo vilivyobanana. Majina ya Uzunguni na Uhindini yamebaki hadi leo, na pamoja nayo umebaki ukubwa wa viwanja. Jaribuni jambo hili: tembeeni kutoka kitalu chenu hadi Uzunguni mkiwa mnahesabu milango inayofunguka moja kwa moja barabarani. Mtaona hesabu inavyoporomoka, na huko mtakuta pia dohani juu ya baadhi ya nyumba za zamani, jambo ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hulistaajabia mpaka Juni inapowakuta.

Nyumba zenu mbili za zamani zenye baraza ndizo hazina ya ripoti, nami nawasihi msizipite upesi kwa sababu tu hazina vioo. Nyumba ya duka ya aina ile ilikuwa na mpangilio unaojirudia katika miji yote ya Tanganyika: mbele baraza lenye nguzo linalofunika njia ya waendao kwa miguu, nyuma yake duka, nyuma ya duka au ghorofani vyumba vya familia, na mwisho ua wenye jiko, kisima au tanki, na choo. Inueni macho juu ya ukuta wa mbele, pale unapopanda kuficha paa, kwani wajenzi wengi walikuwa wakiandika hapo kwa plasta mwaka wa ujenzi au jina la mwenye nyumba. Mkikuta maandishi hayo yamefunikwa na rangi nyingi, ingieni upande ule wakati jua la asubuhi au la jioni linapopiga ukuta kwa mshazari. Kivuli cha herufi hujitokeza.

Katika nyumba hizo pia mtakutana na mwaka 1971. Mwaka huo serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo, iliyoyachukua majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Majengo mengi yaliyoguswa yalikuwa ya wafanyabiashara wa Kiasia katika vitovu vya miji, na mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Athari zake huonekana kwa macho: jengo lililojengwa kwa familia moja limegawanywa kwa mbao za kuzuia, mlango mmoja umekuwa mitatu, na baraza lililokuwa moja limekatwa kwa grili za chuma kila mpangaji kwa kipande chake. Hata hivyo msiandike kwamba kila jengo lililochakaa ni la shirika, wala kwamba kila lililopakwa rangi ni la mtu binafsi. Ulizeni wapangaji wanamlipa nani kodi, kwa adabu, na mkiona swali halipendezi liacheni.

Mtaniuliza kwa nini nyumba hizo zimesalia wakati kwingineko jijini kila mwaka huota ghorofa. Maoni yangu ni kwamba barabara kuu ndiyo iliyoziokoa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilipojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikapita nayo upande wa chini ya mji wa zamani, biashara iliteremka polepole kutoka mji wa zamani kuelekea Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati. Mwenye fedha za kujenga alizipeleka huko, na Uhindini ukapumzika. Mnaweza kuyapima maoni yangu nyinyi wenyewe kwa kuhesabu majengo ambayo nondo zake zimeachwa zimechomoza juu ya zege zikisubiri ghorofa inayofuata: hesabuni katika kitalu chenu, kisha katika kitalu chenye ukubwa sawa karibu na Mwanjelwa. Nondo hizo ni matumaini ya mwenye nyumba juu ya kodi ya kesho, na zinahesabika.

Hali ya hewa nayo imeandikwa katika majengo, ingawa vitabu vingi vya kufundishia huandika juu yake kana kwamba sote tunaishi pwani. Pwani mtu hujenga akilikimbia jua; hapa Juni na Julai tunalitafuta. Kwa kuwa Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana mwezi Juni husimama upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 58 juu ya upeo, na mwezi Desemba husimama upande wa kusini, karibu nyuzi 75. Maana yake ni kwamba baraza linalotazama kaskazini hupata joto katika miezi ya baridi, na lile linalotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Tazameni ni baraza lipi ambalo mafundi cherehani wamelichagua na lipi limeachiwa mizigo. Tazameni pia mteremko. Mji umelala miguuni mwa mlima Loleza ulioko kaskazini, maji ya mvua huteremka kuelekea kusini, na barabara za kitalu chenu zinazoshuka na mlima hubeba mitaro mirefu kuliko zile zinazoukata. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mkibahatika kuwa huko siku ya mvua kubwa, simameni kwenye kona ya chini muone mtaro upi unafurika na nani ameinua kizingiti cha duka lake kwa tofali mbili ili maji yampitie jirani.

Juu ya vifaa vya ujenzi sitasema mengi, kwa sababu mnavijua. Tofali la kuchoma ndilo la asili ya nyanda hizi, mbao za paa hutoka katika misitu ya kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi, na saruji huchomwa hapa hapa Songwe. Neno moja tu juu ya mtindo wa siku hizi wa kuficha bati nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa: katika mji unaopata mvua kama huu, maji yote ya paa huelekezwa kwenye mfereji wa ndani usioonekana, na mfereji huo ukiziba kwa majani, dari ndiyo hupata habari kwanza. Angalieni madoa ya maji chini ya kingo za ghorofa lenu jipya kabla hamjalisifu.

Sasa nyuma ya kitalu, mahali ambapo makundi mengi ya wanafunzi hayafiki. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki iliyopimwa enzi ya Waingereza, viwanja vya maduka viliachiwa uchochoro wa nyuma kwa ajili ya watu waliokuwa wakikusanya ndoo za vyoo usiku. Ndoo zimekwisha, lakini upana wa uchochoro hubaki kwenye ramani hata pale ambapo ardhini umejengwa jiko la mgahawa, banda la kuku, tanki la maji na vyumba vya kupanga. Ukiwepo, utembeeni tangu mwanzo hadi mwisho na mweke alama kila mahali ulipozibwa. Huko ndiko mtakakojua kitalu kinalala watu wangapi, kwa kuwa nguo zilizoanikwa na mita za umeme zilizopangwa ukutani husema kile ambacho mbele ya duka hufichwa. Nendeni pia Jumapili, fremu zikiwa zimefungwa, na nendeni baada ya magharibi, mama lishe na wauza mitumba wanapochukua baraza ambalo mchana lilikuwa la mwenye duka. Makubaliano yao, ambayo hayakuandikwa popote, ni sehemu ya mpangilio kama ulivyo mtaro.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ualimu hapa Njombe. Tulipewa kazi kama hiyo ya kuchunguza majengo karibu na chuo, lakini tulipoanza kupiga picha mzee mmoja alitoka dukani akatuuliza nani ametutuma kupima kiwanja chake, na watu wakaanza kukusanyika. Tufanyeje?
Msomaji, Njombe

JIBU: Mzee huyo alikuwa na haki yake. Mtu aliyewahi kuona alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, ikipakwa kwenye ukuta wa jirani hawezi kuwatazama vijana wenye madaftari na futi bila wasiwasi. Ombeni chuo kiwaandikie barua ya utambulisho, mwipeleke kwanza kwa Mtendaji wa Mtaa na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwombe mmoja wao, au balozi wa eneo, awatembeze siku ya kwanza. Baada ya hapo, ingieni kila duka mwamkie wenye nyumba kabla ya kuchora chochote, na mseme waziwazi kwamba ni kazi ya masomo. Kamera iacheni mkobani kwa siku hiyo. Mchoro wa mkono humfanya mwenye nyumba asogee karibu na kusahihisha, "hapa palikuwa na mlango," na maelezo hayo picha haiyatoi. Mzee yule, mkirudi kwake na barua mkononi, huenda akawa ndiye anayejua zaidi ya wote.

SWALI: Ninasoma Iringa na ninaishi katika mtaa ulio juu ya kilima, kati ya miamba, ambao haukupimwa. Wenzangu wamechagua vitalu vya katikati ya mji, karibu na soko, vyenye barabara zilizonyooka. Mimi ningependa kuandika juu ya mtaa wetu, lakini mwenzangu ananiambia kuwa mahali pasipo na kitalu hapana mpangilio wa kuchunguza. Je, ni kweli?
Msomaji, Iringa

JIBU: Si kweli, na ningefurahi zaidi kuisoma ripoti yako kuliko ya mwenzako, ingawa kazi yako ni ngumu kuliko yake. Katikati ya Iringa, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1896 katika vita vyao na Mtwa Mkwawa, mpimaji alitangulia na nyumba zikafuata. Katika mtaa wako nyumba zilitangulia, lakini hazikudondoka tu kutoka angani. Kila aliyejenga alitazama mambo machache: mwamba uko wapi, maji ya mvua yanapita wapi, njia ya kwenda kisimani au barabarani imekwisha pitishwa wapi, na aliyemuuzia ardhi alikuwa amelima hadi wapi. Ukiyajua hayo manne umeupata mpangilio wa mtaa.

Anza na miamba, kwa kuwa haikuhamishwa na mtu. Iringa imejengwa juu ya mawe ya matale, yaani graniti, na jiwe kubwa la aina hiyo huweza kuwa ukuta wa nyuma wa nyumba, mahali pa kuanikia mahindi, mpaka wa majirani wawili na uwanja wa watoto kwa wakati mmoja. Chora kwanza miamba yote, kisha makorongo ya maji, kisha njia za miguu, ukionyesha kwa unene wa mstari ni njia ipi inayopitiwa na watu wengi asubuhi. Nyumba ziwe za mwisho. Utaona kwamba nyingi zimegeuzia mlango kwenye njia nene hata kama jua na upepo vilishauri vinginevyo, na kwamba njia nene hujipinda mahali pale pale ambapo shamba la zamani liliishia. Wazee watakutajia shamba hilo lilikuwa la nani.

Ndani ya nyumba pia pana kanuni. Nyumba nyingi za mitaa hiyo zina korido katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kwa sababu umbo hilo humruhusu mwenye nyumba kuanza na vyumba viwili, kuongeza viwili akipata fedha, na kupangisha vya mbele kwa wanafunzi kama wewe. Angalia rangi ya tofali na umri wa bati kwenye kila sehemu ya nyumba moja. Mara nyingi utaweza kuhesabu awamu za ujenzi bila kuuliza.

Jambo la mwisho ni la ofisini. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu maeneo yaliyojengwa bila kupimwa kuandaliwa mpango wa urasimishaji, ambapo nyumba zilizopo hupimwa zilipo na njia hupanuliwa kwa makubaliano ya wakazi. Ulizia kwa mwenyekiti wa mtaa kama kazi hiyo imekwisha fanyika au imepangwa kwenu. Kama imefanyika, omba kuuona mchoro katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, ukiwa na barua ya chuo, na uulinganishe na mchoro wako wa miguu. Mahali michoro hiyo miwili inapotofautiana, hasa pale ambapo mchoro wa ofisi una barabara ya magari na wako una jiwe, patembelee mwenyewe na uulize majirani wa pande zote mbili walikubaliana nini.